Uchakavu wa Mto

Miongoni mwa maneno ya wahasibu, ninalolipenda kuliko yote ni uchakavu. Tulifundishwa neno hilo katika chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye somo fupi la utunzaji wa vitabu vya shule ambalo wenzangu wengi walilisinzilia. Meza iliyonunuliwa leo kwa shilingi mia moja, alisema mkufunzi wetu, mwaka wa kumi si meza ile tena. Basi kila mwaka ipunguzie thamani kidogo kitabuni, ili siku itakapovunjika usije ukashangaa mbele ya mkaguzi. Nililipenda neno hilo kwa sababu lina uaminifu ndani yake. Kinachotumika huisha, na mtunza vitabu mwadilifu huandika kinavyoisha hata kama bado kimesimama wima.

Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma mambo ambayo zamani sikuwa na muda nayo, na mojawapo ni taarifa za mwaka za mashirika yetu ya umma na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Si usomaji wa kumkesha mtu. Lakini aliyetumia miaka thelathini na zaidi kusahihisha madaftari huzoea kutazama yaliyorukwa pamoja na yaliyoandikwa. Katika hesabu za umeme utakuta uchakavu wa mitambo, wa nguzo, wa nyaya, wa magari na hata wa viti. Utakuta umeme uliopotea njiani na madeni ya wasiolipa. Kitu ambacho hutakikuta kikichakaa ni mto, na kwa sehemu kubwa ya historia yetu mto ndio uliokuwa ukizungusha karibu kila kitu.

Tuanze mbali kidogo. Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi Wazungu. Waingereza walipoichukua nchi waliuendesha kwanza kama idara ya serikali, kisha mwaka 1931 zikaundwa kampuni mbili za watu binafsi: DARESCO ya Dar es Salaam na wilaya zake, na TANESCO, ambayo T yake ya kwanza wakati ule ilikuwa ya Tanganyika. Katika miaka ya 1930 kampuni hii ya pili ilijenga kituo cha umeme kwenye maporomoko ya mto Pangani, na wateja wake wakubwa wakawa mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wenye mali walikuwa Uingereza, mnunuzi alikuwa mwenye shamba la mkonge, na maji yalikuwa ya bure. Maporomoko yale hayakununuliwa na mtu. Kisichonunuliwa hakina bei kitabuni, na kisicho na bei hakiwezi kuandikiwa uchakavu.

Uhuru ulibadili mwenye kampuni. Mwaka 1964 serikali ilinunua hisa za kampuni zote mbili na kuziunganisha. Mwaka 1968 jina likawa la Tanzania. Mwaka 1975 shirika likawa mali ya umma moja kwa moja. Mimi ni mtoto wa zama hizo na sioni haya kuzisifu. Mali ya taifa ilirudi kwa taifa. Muundo wa daftari, hata hivyo, ulibaki ule ule wa wenye hisa: umeme uliozalishwa, umeme uliouzwa, mapato, matumizi, ziada au hasara. Mto uliendelea kuwa bure.

Mwaka ule ule wa 1975 mitambo ya kwanza ya Kidatu ilianza kazi, na ilipokamilika mwaka 1980 kituo kilikuwa na uwezo wa megawati 204. Kwa nchi yetu ya wakati ule lilikuwa jambo kubwa mno. Msomaji ambaye hajawahi kufika huko na anijalie dakika mbili za jiografia, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Mito midogo hushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere hadi bonde la Usangu, huko Mbarali. Maji hutandazwa bondeni, hukaa katika bwawa la asili la majani na matope liitwalo Ihefu, kisha hutoka polepole yakiwa mto mmoja, Ruaha Mkuu. Mto huo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia Mtera mpakani mwa Iringa na Dodoma, huteremka hadi Kidatu, na mwisho huungana na maji ya Rufiji. Bwawa la Kidatu ni dogo. Kwa hiyo lilijengwa la Mtera juu yake kuwa ghala, lihifadhi maji ya masika ili Kidatu ipate chakula wakati wa kiangazi. Mwaka 1988 ghala lenyewe likafungwa mitambo ya megawati 80. Maji yale yale yakawa yanafanya kazi mara mbili.

Ghala hilo likijaa, uso wa maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi mita 690, mitambo haipaswi kuendelea. Katika miaka ya 1990 namba hiyo ya 690 ilijulikana nchini kuliko namba yoyote katika mtaala wetu wa hesabu. Nimewasikia wakulima ambao vijiji vyao havikuwa na hata nguzo moja wakiulizana Mtera imefika ngapi. Kwangu mimi hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kweli ambayo wananchi waliwahi kuisoma kuhusu umeme wao, nayo haikuwa ya fedha. Ilikuwa kina cha maji.

Iliwafikia kwa taabu. Mwaka 1992, na tena mwaka 1994, nchi iliingia katika mgawo wa umeme. Sababu iliyotajwa ilikuwa ukame, na ukame kweli ulikuwapo. Wataalamu wa maji waliopitia baadaye takwimu za Mtera na Kidatu za miaka ile walionyesha kwamba mvua pekee haikutosha kueleza upungufu wote. Namna mabwawa hayo mawili yalivyoendeshwa nayo ilikuwa na sehemu yake. Jambo lenyewe si gumu. Kati ya Mtera na Kidatu huingia mito mingine, kama Lukosi na Yovi. Mito hiyo ikileta maji ya kutosha, mwenye ghala hufunga mlango wa Mtera na kutunza akiba yake. Akifungua wakati Kidatu imejaa, maji humwagika juu ya ukingo bila kugusa mtambo, na akiba ya mwaka kesho imekwenda. Lakini katika hesabu za fedha kumwagika huko hakuna safu yake. Gunia la mahindi likipotea ghalani mlinzi huulizwa. Maji hayakuwa na kiingilio, basi hayakuwa na upotevu.

Ndipo nilipogundua kanuni moja ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha uhasibu: mto haumo kitabuni mpaka ukauke, na ukikauka huingia kwa mlango wa mafuta. Baada ya mgawo wa miaka ile serikali ilitafuta mitambo isiyotegemea mvua. Mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba wa miaka ishirini na kampuni ya IPTL, wa mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, ambao baada ya mabishano marefu mbele ya wasuluhishi ulianza kuuza umeme mwaka 2002. Kwa mkataba huo shirika lililipa kila mwezi kwa mtambo kuwa tayari, uwake usiwake, na mafuta juu yake. Sasa ndipo kila mtu aliposoma hesabu! Lakini alichokuwa akikisoma kilikuwa bei ya maji yaliyokosekana, ikiwa imevaa nguo za mafuta.

Niingize hapa jambo la shule, maana linafanana. Katika Elimu ya Kujitegemea kila shule ilikuwa na shamba, na kila shamba lilikuwa na daftari. Katika shule moja ambako nilikuwa mwalimu kijana, fomu iliyotoka juu ilikuwa na safu ya mbegu, ya jembe, ya magunia na ya fedha. Safu ya udongo haikuwapo. Mahindi yalipandwa hapo hapo kila mwaka, mabua yakachomwa, na magunia yakawa yanapungua. Katika nafasi ya mwisho ya fomu, palipoandikwa "Sababu za upungufu", mkuu wetu wa shule aliandika kwa mwandiko mzuri sana: uvivu wa wanafunzi. Nao walichapwa. Daftari lisilo na safu ya kitu kilichoisha litamtafuta mtu wa kubeba upungufu, na kwa kawaida humpata aliye karibu na asiye na kalamu.

Mwishoni mwa mwaka 2005 mvua zilikosekana tena. Mtera ikashuka, mgawo ukarudi mwaka 2006, na katika haraka ya kutafuta mitambo ya dharura ukafungwa mkataba wa Richmond, ambao mwezi Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge, ulimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Kisa hicho kila mtu anakijua. Kinachojulikana kidogo ni kilichotokea Usangu miezi ile ile. Ilielezwa kwamba wafugaji ndio walioharibu Ihefu na kuukausha mto, na kuanzia mwaka 2006 wakaamriwa kuondoka. Zaidi ya mifugo laki mbili ilihamishwa kuelekea Lindi na Pwani, mingine kwa malori, mingine kwa miguu, na mingi ilikufa njiani. Watu walitozwa faini, familia zikatengana, na malalamiko yakawa mazito hata mwaka 2007 ikaundwa tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 bonde lenyewe likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Niruhusu, msomaji, nifanye hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Tuseme ng'ombe walikuwa laki tatu, ili tumpendelee mshtaki. Tuseme kila mmoja alikunywa lita 40 kwa siku, ambazo ni nyingi. Kwa siku ni lita milioni 12, yaani mita za ujazo 12,000. Kwa mwaka ni mita za ujazo 4,380,000. Inaonekana namba kubwa. Sasa lichukue bwawa la Mtera, ambalo likijaa ni pana na la kina kifupi, takriban kilomita za mraba 600. Kadiria kwamba jua la huko hupandisha milimita tano za maji kwa siku, kiasi cha kawaida mahali pakavu kama pale. Milimita tano juu ya kilomita za mraba 600 ni mita za ujazo milioni tatu. Kwa hiyo maji yote ambayo ng'ombe laki tatu wangeyanywa mwaka mzima, jua linayachukua juu ya Mtera iliyojaa kwa siku moja na nusu.

Sisemi ng'ombe hawana madhara. Kwato huvunja kingo, na majani yaliyolishwa mno hayashiki maji. Lakini kiu ya ng'ombe haikuweza kuzima taa za Dar es Salaam. Aliyetaka kujua maji yalikokwenda angetazama mpunga pia. Hekta moja ya mpunga hutaka si chini ya mita za ujazo elfu kumi kwa msimu, na shamba la Mbarali, lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, peke yake lina zaidi ya hekta elfu tatu. Likafuata la Kapunga, na pembeni yao mashamba ya wakulima wadogo yakaongezeka mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya maji hayo ni ya masika, ni kweli, ila mifereji mingi iliachwa wazi hata mavuno yakiwa yamekwisha. Kuanzia mwaka 1993 Ruaha Mkuu ndani ya hifadhi ukaanza kukauka kila kiangazi, jambo ambalo wazee wa huko hawakulizoea.

Wala siwalaumu wakulima. Nchi inakula wali. Kinachonishangaza ni kwamba mashamba hayo mawili makubwa yalikuwa ya shirika la umma la kilimo, na mitambo ya chini yake ni ya shirika la umma la umeme. Mwenye mali alikuwa mmoja. Shirika moja likahesabu magunia, jingine likahesabu uniti, kila moja na daftari lake, na wakaguzi wakapita kote kote. Mita moja ya ujazo ya maji, kwa maporomoko ya Kidatu ya takriban mita 175, hutoa chini kidogo ya nusu ya uniti. Mtu angeweza kuketi na kalamu akalinganisha: maji haya yakibaki mpungani yanaleta nini, yakishuka yanaleta nini, na yakiachwa kwa viboko na samaki ni nani anayefaidi. Jibu huenda lingekuwa lile lile la mpunga. Lakini lingeandikwa kabla ya malori kufika Usangu.

Na mwezi Oktoba 2015, miaka tisa tangu amri ile, TANESCO ilitangaza kuzimwa kwa mitambo ya maji kwa sababu mabwawa yalikuwa yamepungukiwa. Ng'ombe walikuwa Lindi.

Ipo sehemu moja ambapo kitu kisicho na bei kilipata kuandikwa, nayo ni Kihansi. Kituo hicho cha megawati 180 kilianza kazi karibu na mwaka 2000, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa unaendelea, watafiti walikuta katika korongo la maporomoko chura mdogo wa rangi ya manjano, azaaye watoto hai badala ya kutaga mayai, asiyeonekana popote pengine duniani. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko yenyewe. Maji yalipopelekwa kwenye mitambo, manyunyu yakaisha. Kwa kuwa masharti ya mkopo yalidai taarifa ya mazingira, chura akawa na ukurasa wake. Vikafungwa vinyunyizi korongoni. Takriban vyura mia tano wakapelekwa Marekani mwaka 2000, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Na mwaka 2012 kizazi cha wale wa Marekani kikaanza kurudishwa korongoni. Watu walicheka sana wakati ule, na mimi nilicheka nao, kwa jinsi lilivyoelezwa: taa za nchi na chura mmoja. Leo naona chura yule aliheshimiwa kwa utaratibu ambao mfugaji wa Usangu hakuupata. Chura alipanda ndege.

Siku hizi kuandika taarifa za namna hiyo kumekuwa fani kamili. Taasisi ya Global Reporting Initiative ilianzishwa Boston mwaka 1997 na kutoa miongozo yake ya kwanza mwaka 2000. Mwaka 2009 ikatoa nyongeza mahususi kwa kampuni za umeme. Nimeisoma nyongeza hiyo kwa makini ya mtu anayesahihisha mtihani, na inauliza maswali mazuri: umeme kiasi gani unapotea njiani, watu wangapi bado hawajafikiwa, watu wangapi wamehamishwa kwa sababu ya miradi, maji yanatoka wapi. Hata hali ya uchumi wa kampuni haiishii kwenye faida. Inatakiwa ionyeshe thamani iliyopatikana ilikwenda kwa nani, kati ya wafanyakazi, wakopeshaji, serikali na jamii. Mwaka 2023 zikatoka kanuni nyingine za kimataifa, za uhasibu hasa, zinazotaka hatari za hali ya hewa ziandikwe sambamba na hesabu za fedha.

Nashangilia, kwa tahadhari. Taarifa ya uendelevu inaweza nayo kuwa fomu ya shamba la shule. Nimeona za makampuni mbalimbali zenye picha za watoto wakipanda miti, bila neno lolote kuhusu miti mingapi iliyopona. Aidha swali la watu waliohamishwa kwa sababu ya miradi lisingewagusa wafugaji wa Usangu. Kampuni haikuwahamisha, waliondolewa mamia ya kilomita juu ya mtambo, kwa amri ya mkono mwingine, kwa jina la maji ya mtambo. Wala haki haitendeki upande wa pili. Mtera imezaa uvuvi mkubwa. Abiria wa basi la Dodoma na Iringa wanawajua akina mama wanaouza perege wa kukaanga barabarani, na sijui safu gani ya hesabu za umeme imewahi kuwaandika kuwa faida.

Sasa uzito umehamia Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, lilianza kutoa umeme Februari 2024, na peke yake linazidi mitambo yote iliyokuwa kwenye gridi kabla yake. Nalifurahia, nami nimeishi hadi kuona nchi ikiwa na umeme wa ziada. Zaidi ya nusu ya maji yake hutoka bonde la Kilombero, ambako nako kuna mpunga, miwa na mifugo, sehemu ya mifugo hiyo ikiwa ilifika huko kwa kusukumwa kutoka kwingine. Aprili 2024 mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, wananchi waliuliza kuhusu maji yaliyofunguliwa bwawani, na serikali ikajibu kwamba mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida na kwamba bila bwawa yangekuja mapema zaidi. Majibu ya namna hiyo hupimwa kwa namba za kila siku: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyokuwapo. Namba hizo ndizo ningependa zibandikwe kila asubuhi kwenye ofisi ya kata huko Utete, kama tulivyokuwa tukiijua 690.

Ruaha Mkuu umeendelea na desturi yake mpya. Kiangazi kikikaza, ndani ya hifadhi hubaki madimbwi, na viboko hujibana humo ubavu kwa ubavu, migongo ikipasuka kwa jua, hadi mvua za Novemba au Desemba ziteremke kutoka Usangu.